Ndege Ndani ya Darubini

Kitu cha kwanza alichokiona Inspekta Phulmaya Thulung ni kiganja.

Alimwuliza Tamal mlima ulikuwa upande gani aliposikia ukelele, naye Tamal akainua mkono wa kulia kuelekea dirishani, vidole vimebanana, kiganja kimetazama juu, kama mtu anayemkaribisha mgeni mkubwa ndani ya nyumba. Kisha akaurudisha mapajani. Dirishani hapakuwa na mlima wowote. Palikuwa na ukungu, waya wa umeme, na kunguru aliyelowa.

Kiganja kile kilimkwama Phulmaya mahali fulani kichwani, lakini kichwa chenyewe kilikuwa kimechoka. Msimu wa watalii ulikuwa unaishia. Mji mzima wa Rinzong ulikuwa umechoka: wenye hoteli walikuwa wamechoka kutabasamu, farasi wa kukodi walilala wakiwa wamesimama, na chai ya kituoni ilikuwa na ladha ya sufuria.

"Rudia," alisema. "Taratibu."

"Nimesharudia, mama."

"Usiniite mama, unanizeesha. Rudia."

Tamal alivuta pumzi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, uso wake ungeweza kuwa wa popote. Kazi yake ilikuwa kumhudumia mzee Nibaran Haldar wa Kolkata, aliyeuza mbao hadi akastaafu, na ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi nusu. Tamal ndiye aliyembebea chupa ya chai, kigoda na blanketi. Jana alfajiri mzee huyo alianguka kutoka Mawio, pale juu watalii wanapopanda kutazama jua likiuangaza mlima Jomokang. Walimwokota chini kwenye miamba.

"Tulifika kukiwa na ukungu," alisema Tamal. "Nikamweka mzee karibu na ukingo wa chuma. Dereva alikuja, akasimama naye. Mawingu yakafunguka. Watu wote wakapiga kelele, mlima, mlima! Mimi nilikuwa kwenye darubini. Mzee mwenyewe alinituma nikatazame, maana sijawahi kufika milimani."

"Hujawahi kabisa?"

"Kabisa. Nikauona mlima karibu, kama wa kushika. Kulikuwa na ndege mweusi begani kwake, amefungua mabawa. Ndipo nikasikia mzee akipiga ukelele. Nikageuka, nikamwona dereva yuko peke yake ukingoni. Halafu ukungu ukafunga tena."

"Ulimwona akimsukuma?"

"Nilimwona yuko peke yake."

Koplo Norden, aliyekuwa akiandika maelezo huku ameuma kofia ya kalamu, aliinua kichwa. "Ni yaleyale ya jana, dada. Hata ndege yumo."

Phulmaya alimwambia Tamal akasubiri nje kwenye benchi, ale kitu. Tamal alishukuru kwa kichwa, akatoka akiwa ameinama kidogo upande wa kushoto, kama bado ana mtu mkononi.

* * *

Mkuu wa kituo hakukaa. Alisimama mlangoni amevaa koti lake la mvua.

"Gari linashuka kortini mchana," alisema. "Dereva awemo. Watoto wa marehemu wako njiani, na mmoja wao ni wakili. Unataka nini zaidi? Waligombana mbele ya watu, akarushiwa mkongojo, kesho yake mzee yuko chini ya genge. Jalada limejaa."

"Limejaa maneno ya mtu mmoja, bwana."

"Na darubini. Ongdi, mwenye kuikodisha, amesema huyo mhudumu alitazama darubini yake. Basi hakuwa ukingoni. Aliyebaki ni nani? Jomokang?"

"Nipe hadi mchana."

"Nimekupa jana." Alimtazama, sauti ikashuka. "Phulmaya, nenda kalale. Saini, kalale."

Jalada likishasainiwa, yule dereva, Sanman Subba, angeshuka rumande ya wilaya, na kutoka kule hakukuwa na msimu wala ratiba. Watu waliingia na nywele nyeusi wakatoka na mvi, wengine bila hata kusomewa hukumu. Mkewe Sanman alikuwa nje tangu jana, amekaa kwenye ngazi, tumbo limefika karibu na mwezi wake, amekumbatia chupa ya supu iliyokwisha poa. Kila polisi aliyepita alimpisha, hakuna aliyemtazama.

Sanman mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, magoti kidevuni. Alipomwona Phulmaya alicheka kicheko kisicho na nguvu.

"Dada, hiki ndicho kivutio cha ngapi?"

"Acha masihara, Sanman. Ulikwenda kufanya nini ukingoni?"

"Blanketi. Yule kaka alilisahau garini. Nikasema mzee atakufa kwa baridi." Akakunja uso. "Sikulisema vizuri hilo."

"Ulimpa blanketi, kisha?"

"Nikarudi garini. Nikalala. Sisi madereva tunaamka kabla ya majogoo kuwapeleka watu wakaone ukungu. Nikishazima injini, mimi ni maiti."

"Na ule ugomvi wa juzi?"

Sanman alijikuna kichwa. "Wewe unajua ziara yetu ni ya vivutio saba. Mawio, bustani ya okidi, maporomoko ya Mkufu, monasteri, daraja la kamba, mashamba ya chai, soko. Chama cha madereva kimepanga hivyo, ukiruka kimoja mgeni analalamika, unasimamishwa zamu. Sasa huyu mzee alitaka nipite maporomoko bila kusimama. Mtu kalipia saba, anataka sita! Nikamwambia, babu, Mkufu ndio mzuri kuliko vyote. Nikapunguza mwendo tu. Basi, mkongojo ukanipata hapa."

Alionyesha nyuma ya sikio. Kulikuwa na uvimbe.

"Alisema kwa nini hataki kusimama?"

"Alisema endesha, mjinga wewe, hapo usisimame. Alikuwa amefunga kioo, huku mvua hainyeshi."

"Na Tamal?"

"Yule? Alikuwa amesinzia nyuma. Mtu mwema, bwana. Njia nzima aliniita kaka." Sanman alitazama sakafu. "Sasa huyo kaka kaniuza."

Phulmaya alifunga mlango wa chuma. Kabla hajaufunga wote Sanman alisema, bila kicheko safari hii, "Dada. Mwambie mke wangu arudi nyumbani. Ngazi ile ina unyevu."

* * *

Njia ya kupanda Mawio ilijaa magari ya wageni yakishuka. Kila dirisha lilikuwa na nyuso zimebanwa kwenye vioo, nyekundu kwa baridi. Phulmaya aliyatazama yakipita, moja baada ya jingine.

"Unaanza," alisema Norden kwenye usukani.

"Naanza nini?"

"Kila msimu unakagua nyuso za wageni kama mkata tiketi. Siku moja watakuuliza umepoteza nini."

"Tazama barabara, Norden."

Juu kulikuwa kweupe pe. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya vibanda kama blanketi la ng'ombe. Watalii wachache walijipiga picha mbele ya weupe ule wakijifanya nyuma yao kuna mlima. Mwanamke aliyeuza momo za nyama, zinazopikwa kwa mvuke, aliinua kifuniko cha sufuria, mvuke ukaungana na ukungu, hata mtu asijue kipi ni kipi.

Phulmaya alikwenda kwanza ukingoni. Chuma kilimfikia kiunoni. Mkongojo wa mzee ulikuwa bado pale ulipokutwa jana, umefungwa utepe wa polisi: umening'inizwa kwa ndani, kwa mpini wake, umenyooka, kama mwavuli mlangoni mwa jirani.

Aliutazama kwa muda mrefu.

"Norden. Mzee Haldar alikuwa anaweza kusimama bila kitu?"

"Mhudumu wa hoteli alisema hawezi. Ama mkongojo, ama mkono wa Tamal."

"Mkongojo huu hapa, haukurushwa, haukuanguka. Aliuning'iniza mwenyewe. Basi alikuwa ameshika mkono wa mtu."

"Wa Sanman?"

"Mtu uliyempasua nyuma ya sikio juzi, leo ungemkabidhi uzito wako penye genge?"

Norden alitafuna kofia ya kalamu. "Mimi, hata mke wangu tukigombana simpi ngazi anishikie. Lakini Tamal alikuwa kwenye darubini. Ongdi ameapa."

Darubini ya Ongdi ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, chombo cha shaba cha zamani juu ya miguu mitatu, kimefungwa kitambaa chekundu cha baraka. Ongdi mwenyewe, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu iliyomziba masikio, alisimama ghafla alipowaona.

"Karibu afande, karibu. Leo hakuna kitu. Ukungu mtupu."

"Mbona yule bibi alikuwa anatazama sasa hivi? Amesema 'oho'."

"Wageni, afande, husema 'oho' hata kwa mbuzi."

"Nami nitazame."

"Jicho lako litaumia bure."

Phulmaya aliinama, akaweka jicho. Nje kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Ndani ya darubini kulikuwa na Jomokang nzima, ya dhahabu, anga buluu, na begani kwake ndege mweusi amefungua mabawa.

Alikaa ameinama hivyo hata Norden akasogea. "Dada? Kuna nini?"

"Tazama mwenyewe."

Norden alitazama. Akatoa jicho, akatazama ukungu, akarudisha jicho. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika magoti.

"Ongdi," alisema Phulmaya. "Huyu ndege hachoki?"

Ongdi alivua kofia. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Ni picha, afande. Ya kalenda. Naichomeka mbele ya kioo. Watu wametoka mbali, wengine wamekopa wafike hapa. Wakirudi bila kuona kitu, ni haki? Nawaonyesha hata kidogo."

"Kwa bei ileile."

"Nusu," alisema Ongdi kwa uchungu. "Ukungu ni nusu."

"Na mawingu yakifunguka?"

Ongdi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Naitoa! Afande, wewe si umezaliwa hapa? Mlima wenyewe uko wazi, unanitazama, halafu mimi nikae na picha yake mbele ya macho yake? Nitaichomoa hata kama napiga chafya. Ukungu ukifunga, ndipo narudisha."

"Jana pia?"

"Jana, juzi, siku zote. Mkono wenyewe unajua."

Norden aliacha kucheka. Alikuwa amefungua daftari la maelezo, kidole kimesimama mstarini. "Ndege," alisema polepole. "Tamal alisema mawingu yalipofunguka alikuwa hapa, akaona ndege."

"Mawingu yakiwa wazi hakuna ndege humu," alisema Phulmaya. "Ongdi, Tamal alitazama saa ngapi? Kabla ya ukelele au baada?"

"Baada."

"Mbona jana hukusema?"

"Jana mliniuliza kama alitazama. Nikasema ametazama. Si ametazama?" Ongdi alirudisha kofia. "Watu walikimbilia ukingoni, ukungu ulikuwa umeshafunga. Mimi nikachomeka picha, mazoea tu. Yule mtu akaja anatetemeka, akabandika jicho, hakulitoa. Nikadhani analia, hataki kuonekana. Nikamwacha. Sikumtoza."

Wakati huo upepo mdogo ulipita, na kwa muda mfupi kipande cha theluji kikatokea juu kabisa, mahali ambapo mtu hategemei kuona ardhi. Watalii wakapiga yowe. Mtoto wa kike aliyevaa sweta jipya akanyoosha kidole, "Ule! Ule!" Muuza momo akamkaripia kwa mzaha, akakishusha kidole chake, akamfunulia vidole vyote vikawa kiganja. "Hivi, bibie. Yule haonyeshwi kidole kama mwizi." Na Ongdi, bila kufikiri, alikuwa tayari amechomoa picha yake na kuificha kwapani.

"Norden," alisema Phulmaya. "Nionyeshe mlima."

"Si huo hapo?" Norden aliinua mkono. Vidole vimebanana, kiganja kimetazama juu.

Phulmaya alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea garini.

* * *

Tamal hakuwa amekula. Sahani ya wali ilikuwa imepoa mezani. Phulmaya alikaa mbele yake, akatoa mkongojo kwenye utepe wake, akauning'iniza kwa mpini ukingoni mwa meza.

"Marehemu aliuacha hivi," alisema. "Basi alikuwa na mkono wa mtu. Mpaka sasa unainama upande wa mkono huo, nimekuona ukitoka asubuhi."

Tamal aliutazama mpini.

"Ndege uliyemwona ni wa kalenda. Hakai humo mawingu yakiwa wazi. Ulimwona baada ya mzee kuanguka."

"Labda nimechanganya."

"Labda. Watu huchanganya." Phulmaya alisugua macho. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu. "Ukimnyooshea mlima kidole, unafanya nini?"

"Unaking'ata," alisema Tamal.

"Kimoja tu?"

"Vyote kumi. Kimoja kimoja. Usipong'ata vinaoza."

Akatazama vidole vyake mwenyewe kama vya mtu mwingine. Kule kona, Norden aliacha kuandika.

"Kolkata hawang'ati vidole," alisema Phulmaya. "Nani alikufundisha?"

Nje farasi mmoja alikohoa.

"Sijui," alisema Tamal. "Sikujua kama najua. Mzee aliniambia aliniokota stesheni. Kwamba wazazi wangu walikufa kwa homa, nami nikakutwa nalia kando ya mabehewa. Nimekulia jikoni kwake. Aliniahidi shule, ikawa mwakani, ikawa mwakani. Jina hili amenipa yeye. Safari hii akasema, umenitumikia vizuri, nitakupeleka ukaone milima. Nilifurahi. Nilinunua soksi."

"Na jana?"

"Mawingu yalifunguka mpaka chini, bonde lote. Mzee alikuwa na furaha. Akatundika mkongojo, akashika mkono wangu, akainama kwenye chuma, akanyoosha kidole. Akasema, unaona lile bati chini ya maporomoko? Pale ndipo nilipokuchukua. Mama yako bado yupo, anauza chai. Ndiyo maana nilimkataza yule mjinga asisimame, ungeanza kulia, nami sipendi vilio nikiwa likizoni." Tamal aliisukuma sahani kando. "Alinionyesha kama kivutio cha nane, afande. Kama anavyoonyesha daraja. Halafu akasema, mimina chai."

"Ukamsukuma."

"Sikumsukuma. Alikuwa ameegemea mkono wangu, mwili wote. Amekuwa akiuegemea tangu miguu yake ianze kufa." Aliutazama mkono wa kushoto. "Nikautoa."

Kalamu ya Norden ilikwaruza karatasi, ikasimama.

"Na Sanman?"

Tamal alifunga macho. "Niliogopa. Mliniuliza nani alikuwa karibu, nikasema kilichokuwa karibu mdomoni. Alinipa blanketi, akaniambia kaka, jifunike na wewe. Mfungueni. Nitasaini popote."

Phulmaya alimsogezea sahani ya wali. "Kula kwanza. Njia ni ndefu."

Dakika chache baadaye Sanman alitoka kwenye korido akipepesa macho. Mkewe aliinuka kwenye ngazi kwa shida, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akampa chupa ya supu. "Imepoa," alisema kwa hasira, kisha ndipo akaanza kulia. Sanman aliinywa hivyohivyo, baridi, amesimama, yote. Alipowaona wakimpitisha Tamal na pingu, alifuta mdomo, akafungua midomo kama atakayetukana. Hakutukana. Alimshika mkewe kiwiko wakashuka ngazi.

* * *

Barabara ya kwenda kortini ndiyo ileile ya ziara. Walipita bustani ya okidi, imefungwa. Norden aliendesha kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Tamal alikaa nyuma pamoja na Phulmaya, paji la uso kwenye kioo.

Sauti ya maji ilitangulia maji yenyewe. Kisha Mkufu ukatokea kwenye kona, mweupe, mrefu, ukianguka juu ya jiwe jeusi, na chini yake kibanda cha bati na moshi.

"Tafadhali," alisema Tamal. "Kama hairuhusiwi, basi."

Phulmaya aligonga kiti cha mbele. Norden alikuwa tayari anavuta breki.

Mwanamke aliyetoka kibandani alikuwa mdogo, mgongo umepinda, amejifunga shali kiunoni. Kila askari wa Rinzong alimjua: Mama Harkamaya wa Mkufu. Alikuja hadi dirishani na sinia, akiwa anaongea kabla hajafika.

"Chai, mwanangu? Norden, mwanangu, unanenepa, mkeo anakupa nini? Na wewe afande, mwanangu, macho gani hayo, mtu halali siku hizi?" Aliwaita hivyo wote, madereva, askari, wageni wa tambarare, hata mbwa. Kikombe cha kwanza akampa Norden, cha pili Phulmaya. Cha tatu alikipeleka kwa mtu wa nyuma, ndipo akaona pingu.

Hakuuliza. Alirudisha kikombe kwenye sinia, akaongeza sukari, akakoroga.

"Anayekwenda kortini anahitaji sukari," alisema. "Shika, mwanangu. Ni ya moto."

Tamal alikipokea kwa mikono miwili, kama watu wa huko wanavyopokea kitu kwa mkubwa wao. Pingu zisingemwachia njia nyingine. Alikunywa bila kupumua. Midomo yake iliungua, akaendelea kunywa. Mama Harkamaya alimngoja amalize, macho yake kwenye kikombe, kwa sababu vikombe vyake huibwa.

"Jina lako nani?" aliuliza, kwa adabu tu.

Tamal alifungua mdomo. Alimgeukia Phulmaya, naye Phulmaya hakumsaidia wala hakumzuia.

"Mimi ni mpita njia, mama," alisema.

"Haya. Mungu akuongoze, mpita njia." Alichukua kikombe, akapigapiga bati la gari kwa kiganja, akaenda kwenye gari jingine lililokuwa likiegesha. "Chai, mwanangu?"

Norden aliondoa gari. Maporomoko yalibaki nyuma, kisha sauti yake, kisha ikabaki injini tu.

"Nitakuja kumwambia mimi mwenyewe," alisema Phulmaya. "Ukisema nije."

"Siyo leo. Asinijue na hizi." Tamal aliinua pingu kidogo. Baada ya kona kadhaa alisema tena, kama anayezungumza na kioo, "Hakunitambua. Alinitazama usoni, hakunitambua."

Barabara ilikuwa imejaa magari yanayopanda, wageni wa mwisho wa msimu. Nyuso zilipita zimebanwa kwenye vioo. Phulmaya alizitazama, moja baada ya jingine, kisha akaacha kuzitazama.

"Nyumbani kwetu walipanga wageni," alisema. "Familia moja ilimpenda mdogo wangu. Walisema watamsomesha, wakaondoka naye, hawakurudi. Anaitwa Suntali."

Norden alimtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo.

"Huwa namtafuta kwenye madirisha," alisema Phulmaya. "Huenda nimeshampita."